Anayeomba Kuaminiwa na Anayeomba Kukaguliwa

Watu wengi wakiulizwa maandishi ya kitaaluma yanatofautianaje na maandishi mengine, hujibu upesi kwamba ya kwanza ni magumu na ya pili ni mepesi. Na jawabu hilo limeenea mno hata limewadhuru wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu kuliko upungufu wa vitabu, kwa sababu kijana aliyeliamini, anapoketi kuandika tasnifu yake, huanza kuutafuta ugumu kabla hajaitafuta hoja. Atasema "ilibainika kwamba" pahali ambapo angeweza kusema aliona; atajiita "mtafiti", kana kwamba anasimulia habari za mtu mwingine aliyekwenda Kilwa au Pangani kwa niaba yake; na katika sura ya pili, ile ya mapitio ya maandiko, atayapanga majina ya waandishi na miaka ndani ya mabano, aya baada ya aya, bila ya kutuambia ni yupi kati yao anayemkubali, ni yupi anayemkataa, na kwa dalili gani. Kazi hiyo aghalabu hupita, kwa kuwa ina kila kiungo kinachotakiwa na mwongozo wa chuo, usuli wa tatizo, malengo, maswali ya utafiti, kiunzi cha nadharia, methodolojia, uchambuzi wa data, hitimisho na mapendekezo. Na bado msomaji aweza kuifunga asipate mahali hata pamoja pa kutia kidole na kusema: hapa mwandishi amejiweka katika hatari ya kukosolewa.

Hatari hiyo ndiyo, kwa rai yangu, mpaka wa kweli baina ya aina mbili hizi za uandishi, wala si ugumu wa lugha, wala wingi wa kurasa, wala shahada ya mwandishi. Mwandishi wa kitaaluma humkabidhi msomaji njia ya kumpinga: humwarifu habari imetoka wapi, imepatikana kwa utaratibu gani, wangapi waliulizwa na wangapi walikataa kujibu, kitabu kipi na ukurasa upi, ili yule asiyeridhika aweze kurudi nyuma hatua kwa hatua hata afike pale mwandishi alipoanzia, na akifika huko aseme ama kwamba ni kweli ama kwamba si kweli. Mwandishi wa gazeti, wa insha, wa wasifu au wa kitabu cha watu wote hawezi kumpa msomaji wake njia hiyo kwa ukamilifu, kwani msomaji huyo hana maktaba, hana wasaa, wala hakununua gazeti ili afanye kazi ya kadhi. Kwa hiyo mwandishi husimama yeye mwenyewe badala ya ushahidi, akaliweka jina lake rehani. Wa kwanza huomba kukaguliwa. Wa pili huomba kuaminiwa. Sifa nyingine zote tunazozihesabu tunapofundisha somo hili, urefu wa sentensi, istilahi, tanbihi, nafsi ya kwanza au ya tatu, ni matawi ya shina hilo.

Shina lenyewe lina tarikhi yake. Mwezi wa Machi mwaka 1665, mjini London, Henry Oldenburg, katibu wa jumuiya ya wanasayansi iitwayo Royal Society, alitoa toleo la kwanza la Philosophical Transactions, miezi miwili tu baada ya Journal des Sçavans kuanza kutoka mjini Paris. Na tangu hapo habari za elimu, ambazo zilikuwa zikisafiri kwa barua baina ya marafiki au kungoja kitabu kizima kikamilike, zikapata pahali pa kutokea kwa vipande, kila kipande kikiwa na tarehe yake na mwenyewe, na kila kipande kikiwa wazi kujibiwa na mwingine. Jumuiya hiyo ilikuwa imejichagulia wito wa Kilatini unaokataza kulipokea jambo kwa kauli ya mtu awaye yote. Robert Boyle, mmoja wa wakuu wake, alipoeleza mwaka 1660 majaribio yake ya pampu ya kutolea hewa, aliandika kwa urefu mno, akakieleza chombo kiungo kwa kiungo, akaitia picha yake, tena akayataja hata majaribio yaliyoshindikana. Na sababu aliyokuwa nayo ilikuwa ya maana, kwamba watu waliohudhuria majaribio yale walikuwa wachache, basi maandishi yalipaswa kumfanya yule asiyekuwapo awe kama shahidi aliyekuwapo. Na Boyle aliandika "mimi". Mimi nilifanya hivi, mimi niliona vile. Desturi ya kumficha mtendaji nyuma ya vitenzi vya kutendwa ilikuja kutawala baadaye sana, na wanaoishika leo kana kwamba ni nguzo ya elimu wangeshangaa kuona kwamba waasisi wa nyumba hiyo hawakuijenga juu yake.

Wala sisi wa pwani hatukungoja habari hiyo itufikie kutoka London ndipo tuijue. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alipokuwa akiikusanya Sahihi yake aliitangulizia hadithi isnadi, fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani, mpaka imfikie Mtume. Na maulamaa wa fani hiyo wakatunga vitabu vizima vya kuwachunguza wapokezi, nani alikutana na nani, nani alizaliwa baada ya yule anayedai kumsikia kufa, nani alikuwa mkweli lakini kumbukumbu yake ilimpungukia uzeeni. Mtu aliyesoma kidogo katika mlango huo hahitaji kufunzwa tanbihi ni kitu gani. Lakini tazama jinsi elimu hiyohiyo inavyokaa msikitini. Katika mwezi wa Ramadhani, baina ya alasiri na magharibi, sheikh akitoa waadhi mbele ya wavuvi, wachukuzi, wenye maduka na watoto, haisomi isnadi. Husema "Mtume amesema", akaendelea na mawaidha yake, na angeisoma minyororo yote ya wapokezi nusu ya jamaa waliofunga wangesinzia, na insafu ingekuwa upande wao. Sheikh yuleyule, akirudi darasani kwake pamoja na wanafunzi waliofungua kitabu mapajani, matini katikati na sharhe pembeni, hawezi kupita neno bila ya kuulizwa, na ni haki yao kumwuliza. Hapana mtu atakayesema kwamba waadhi ni darasa lililopunguzwa thamani, wala kwamba darasa ni waadhi uliofanywa mgumu. Hadhira ni mbili, na namna ya kuwajibika kwa hadhira hizo ni mbili. Ila liko jambo moja la kuangaliwa: wale wasikilizaji wa waadhi humwamini sheikh wao kwa kuwa wanajua kwamba aliwahi kuketi darasani, kwa mwalimu anayejulikana, akapata ijaza; imani yao haikuanguka kutoka hewani, imekopwa kwenye ukaguzi uliofanyika mahali pengine, na watu wengine.

Mfano wa zama zetu unaoyakusanya yote haya katika mtu mmoja ni wa Walter Rodney, mzaliwa wa Guyana, aliyefundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya mwisho ya 1960 na ya mwanzo ya 1970. Rodney aliandika vitabu viwili ambavyo mtu akiviweka mezani pamoja, bila ya majalada, asingedhani vimetoka mkono mmoja. Cha kwanza, A History of the Upper Guinea Coast, kilichopigwa chapa Oxford mwaka 1970, kilizaliwa katika tasnifu aliyoitetea mjini London mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 24. Nacho kinahusu kipande cha pwani ya Afrika Magharibi kutoka Mto Gambia hadi Cape Mount, kuanzia mwaka 1545 hadi 1800, basi. Kwa ajili ya kipande hicho Rodney alikwenda katika hifadhi za nyaraka za Lisbon, Seville na Rome, akasoma barua na taarifa za Wareno na Wahispania katika lugha zao, na kila alipodai jambo, tuseme kwamba utumwa wa namna iliyoonwa na wasafiri wa baadaye haukuwa desturi ya asili ya pwani ile bali ulikuzwa na biashara ya Bahari ya Atlantiki, aliacha alama za miguu ili mwanahistoria mwingine amfuate mpaka kwenye waraka wenyewe. Na wanahistoria walimfuata, wako waliokubali na wako waliobisha, na kubisha kwao kuliwezekana kwa kuwa Rodney mwenyewe aliwapa silaha.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1972, kikatoka How Europe Underdeveloped Africa, kikitolewa kwa pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam. Hapo hapana tena kipande cha pwani. Pana bara zima, kuanzia kabla ya kuja kwa meli za Wareno mpaka kushushwa kwa bendera za wakoloni. Mwisho wa kila sura pana mwongozo mfupi wa vitabu vya kusoma, na hiyo ndiyo hesabu kubwa ya vyanzo anayoipata msomaji. Katika dibaji mwandishi asema wazi kwamba alikusudia kuwafikia Waafrika wanaotaka kuujua unyonyaji waliofanyiwa, wala hakukusudia kuvitimiza vipimo vilivyowekwa na wanavyuoni wa upande wa wale waliowadhulumu. Tena afanya jambo ambalo kwangu ni la ajabu zaidi kuliko kuacha tanbihi. Baada ya kuwashukuru Karim Hirji na Henry Mapolu, waliousoma mswada wake pale chuoni, akataa kuandika ile kauli ambayo kila mwandishi wa kitaaluma huiandika, kwamba makosa yote yaliyomo ni yake peke yake. Asema kwamba kauli hiyo ni ya ubinafsi wa kibepari, na kwamba dhima ya kazi kama hiyo ni ya pamoja.

Nimeisoma dibaji hiyo mara nyingi na sijapata kukubaliana nayo katika neno hilo la mwisho, ingawa naliheshimu. Ile kauli ya desturi, ambayo wengi wetu tunaiandika bila ya kuifikiri, si unyenyekevu wala si majivuno. Kazi yake ni ya kisheria zaidi, kumwambia msomaji ni mlango gani abishe akiona kosa. Rodney aliufunga mlango huo kwa makusudi, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuhamia katika uandishi wa aina ya pili, ambamo mwandishi na hadhira yake wako upande mmoja wa shauri, na hoja haingoji hukumu ya majaji bali yangoja kitendo cha umma. Wako wanahistoria waliomlaumu kwa kuwa jumla zake zilikuwa pana mno kuliko ushahidi alioudhihirisha, na lawama hiyo katika baadhi ya kurasa ni ya haki. Lakini mtu mwadilifu atauliza kwanza ni kwa nini kitabu kile kiliaminiwa na wasomaji wengi kiasi kile, katika Dar es Salaam, katika Kingston na katika London, ilhali vijitabu vya siasa vya miaka ile vilikuwa vingi na vingi vimekwisha kusahauliwa. Na jawabu, kwa kadiri nionavyo, ni lilelile la sheikh wa Ramadhani. Nyuma ya kitabu cha pili kilikuwapo cha kwanza. Mwandishi aliyeomba kuaminiwa alikuwa amekwisha kukaguliwa.

Charles Darwin alifika mahali hapohapo kwa njia nyingine, tena kwa aibu kidogo. Alikuwa amekusanya dalili zake kwa miaka ipatayo 20, akikusudia kitabu kikubwa chenye kila rejeo mahali pake, ndipo mwaka 1858 barua ya Alfred Russel Wallace ikamwonyesha kwamba mwingine amefikia rai ileile. Akaharakisha, na mwezi wa Novemba mwaka 1859 akatoa On the Origin of Species, kitabu kisicho na tanbihi za vyanzo, ambacho yeye mwenyewe alikiita muhtasari tu. Katika utangulizi wake amwambia msomaji kinaganaga kwamba hawezi kumtajia vyanzo na wataalamu wa kila kauli, na kwamba yambidi amtumainie msomaji amwamini kuwa amekuwa mwangalifu. Sijui ombi la kuaminiwa lililotamkwa kwa uwazi zaidi ya hilo katika vitabu vya elimu. Na kwa kuwa alilihesabu kuwa ni deni, mwaka 1868 alitoa majuzuu mawili juu ya wanyama na mimea inayofugwa na kupandwa na wanadamu, yenye tanbihi tele, ambayo watu wachache mno wanayasoma siku hizi.

Tukilishika shina hilo, yale matawi hujieleza yenyewe. Mwandishi wa kitaaluma huyabana madai yake, akasema "katika vijiji viwili vya wilaya hii, baina ya masika na vuli", si kwa woga bali kwa sababu dai lililobanwa ndilo linaloweza kukaguliwa. Na maneno yake ya tahadhari, huenda, yamkini, yaelekea, hupima kiasi cha yakini alichonacho, hata kuyafuta kungekuwa sawa na kumwambia mnunuzi uzito bila ya kumruhusu aitazame mizani. Hurudia istilahi ileile kutoka ukurasa wa kwanza hata wa mwisho, kwa kuwa akibadili jina msomaji atadhani kitu nacho kimebadilika. Ilhali mwandishi wa insha anayerudia neno moja mara sita katika aya huonekana maskini wa lugha. Mwandishi wa kitaaluma huitoa siri yake mwanzoni kabisa, katika ikisiri, ili mwenye haraka ajue kama makala yamhusu. Mwandishi wa safu akifanya hivyo amejinyang'anya mwenyewe. Katika haya hakuna lililo bora kuliko jingine. Kosa ni kuyahamisha bila ya sababu yake.

Ziko sifa, hata hivyo, ambazo uandishi wa kitaaluma umezipata bila ya kuzihitaji, na moja ni ule mpangilio wake wa kujifanya kwamba mambo yalitokea kwa taratibu. Mwaka 1963 mwanabiolojia Peter Medawar, aliyekuwa amepata tuzo ya Nobel miaka mitatu kabla, aliuliza katika mazungumzo ya redio ya BBC kama makala ya kisayansi si udanganyifu. Hakumaanisha kwamba takwimu ni za uwongo, bali kwamba sura ya makala humfanya msomaji afikiri mtafiti alianza na akili tupu, akakusanya mambo, kisha hitimisho likajitokeza, hali kila mtafiti ajua kwamba dhana ilitangulia na mambo yakakusanywa kwa ajili yake. Dalili ya maneno yake yapatikana katika kazi ya James Watson na Francis Crick. Makala yao juu ya umbo la DNA, yaliyotoka katika Nature tarehe 25 Aprili 1953, yana urefu wa ukurasa mmoja na kidogo, baridi na yenye adabu, kama kwamba hakuna mtu aliyeshindana na mtu. Mwaka 1968 Watson akatoa The Double Helix, kitabu cha watu wote, na humo tukaona haraka, husuda, bahati, na jinsi picha ya eksirei iliyotoka katika maabara ya Rosalind Franklin ilivyoonyeshwa kwa Watson bila ya mwenyewe kujua. Crick na mwanasayansi mwenzao Maurice Wilkins waliupinga mswada huo hata matbaa ya Chuo Kikuu cha Harvard ikauacha, ukachukuliwa na mchapishaji mwingine.

Mtu aweza kusema basi kwamba kitabu kilikuwa cha kweli zaidi kuliko makala, kwa kuwa kilisimulia yale yaliyofichwa. Nusu ya neno hilo nalikubali. Lakini Franklin alikuwa amefariki mwaka 1958, na sura aliyochorewa kitabuni, ya mwanamke mkali asiyejua thamani ya alichonacho, hakuweza kuijibu. Wala msomaji wa kawaida hakuwa na njia ya kuipima, maana masimulizi yale yalisimama juu ya kauli ya msimulizi peke yake. Makala ya 1953, kwa ubaridi wake wote, mtu yeyote mwenye maabara aliweza kuyajaribu, na yakajaribiwa. Hapo ndipo uzito wa dhamana ya mwandishi wa umma unapoonekana: kwa kuwa hakaguliki kwa urahisi, hana budi kujikagua yeye mwenyewe mara mbili, na hasa pale anapowataja watu wasioweza kumjibu.

Kila upande una aibu yake, na aibu hizo zafanana kama ndugu. Mwanafunzi anayerundika majina ndani ya mabano huazima libasi ya ukaguzi akaacha ukaguzi wenyewe. Mwandishi wa gazeti anayeandika "utafiti umeonyesha", bila ya kusema ni nani aliyetafiti, wapi, na kwa watu wangapi, huazima libasi hiyohiyo kutoka mlango wa pili. Ameukataa wajibu wa kutoa dalili kwa kuwa gazeti si jarida, tena ameukataa wajibu wa kusimama mwenyewe kwa kuwa eti wamesema watafiti. Huyu wa pili ndiye ninayemlaumu zaidi. Mwanafunzi ataulizwa siku ya kutetea tasnifu yake, na maskini atatoka jasho. Mwandishi yule hakuna wa kumwuliza, na kauli yake yenda redioni asubuhi, jioni imekuwa hoja ya barazani.

Lugha yetu inayo maandishi bora ya aina zote mbili, na mengine ambayo yamehama kutoka aina moja hadi nyingine bila ya kubadilika herufi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika habari za desturi za watu wa Mrima, uzazi, jando, ndoa, ngoma, maziko na hukumu, na kazi hiyo ikatolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Hakutaja vyanzo, na angetaja vipi? Alikuwa mtu wa pale, akieleza ya pale, na huko kuwa wa pale ndiko kulikokuwa dhamana yake. Leo hapana mwanahistoria wa pwani anayeandika juu ya karne ya kumi na tisa bila ya kumtaja Mtoro katika tanbihi zake. Yule aliyeomba kuaminiwa amekuwa waraka wa kukaguliwa. Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja naye, alipoandika tarjama za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki, aliwaandikia watu wote kwa Kiswahili cha kueleweka, ila kila anapomtaja mwanachuoni hutaja alisoma kwa nani na nani alisoma kwake, na mtafiti wa leo aipata nasaba ya elimu imekwisha kupangwa. Na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, ambayo jarida lake liitwalo Kiswahili lilikuwa na nasaba inayorudi hata kwenye taarifa za Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, iliona vyema katika miaka ya 1970 kulianzisha jarida la pili, Mulika, kwa ajili ya walimu na wapenzi wa lugha, lote kwa Kiswahili. Majarida mawili, hadhira mbili, waandishi aghalabu walewale: mpango huo ulikuwa wa busara kuliko walivyoutambua wengi.

Lakini nje ya somo la Kiswahili chenyewe mpango huo haukuigwa, na hapo pana tatizo ambalo vitabu vya kufundishia uandishi, vinavyotungwa Uingereza na Marekani, havina sababu ya kulitaja. Kwao aina mbili za uandishi zimo katika lugha moja, na msomaji wa gazeti akichukizwa na neno aweza, akipenda, kupanda ngazi mpaka kwenye makala ya asili. Kwetu Tanzania elimu ya sekondari na ya chuo kikuu yatolewa kwa Kiingereza, na tasnifu za utabibu, za udongo, za mifugo na za uvuvi huandikwa kwa Kiingereza. Gazeti na redio ni za Kiswahili. Mpaka wa ukaguzi na imani umekuwa, kwa sehemu kubwa, mpaka wa lugha.

Chukua mihogo. Ugonjwa wa batobato uliandikwa kwa mara ya kwanza duniani mwaka 1894, kwa Kijerumani, kutokana na mihogo ya nchi hii. Na ule wa michirizi ya kahawia, unaoozesha muhogo ndani ya ardhi ilhali mti wake wa juu waweza kuonekana mzima, uliandikwa na H. H. Storey mwaka 1936, kwa Kiingereza, kutoka kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara. Tangu hapo yamejulikana mengi, kwamba magonjwa hayo huchukuliwa na nzi weupe na kusafiri pamoja na mbegu zilizokatwa kwenye miti iliyougua, na kwamba ziko aina za mihogo zinazostahimili kuliko nyingine. Mkulima wa Muheza, ambaye shamba lake liko chini ya mlima uleule alikokaa Storey, hufikiwa na elimu hiyo kwa sauti ya redio au ukurasa wa kilimo, katika sentensi mbili: pandeni mbegu bora, ng'oeni miti yenye ugonjwa. Aamini au asiamini. Haelezwi kwamba mbegu hiyo ilijaribiwa katika udongo upi, kwa misimu mingapi, ikilinganishwa na mbegu gani ya kienyeji, na kama katika mashamba mengine ilishindwa. Na huyu, tofauti na msomaji wa habari za DNA, anayo maabara: anazo ekari zake, anao msimu ujao, na anao muhogo alioachiwa na baba yake wa kulinganisha nao. Angeambiwa hayo manne, angeweza kubisha, na kubisha kwake kungemfaa mtafiti kuliko pongezi.

Haihitajiki makala kugeuzwa tasnifu kwa ajili yake. Yatosha aya moja ya Kiswahili cha kawaida, isiyo na mabano wala "mtafiti", inayosema: walijaribu hapa, kwa muda huu, kwa mashamba haya, wakapata hivi, na hapa hawakupata. Wako waandishi wa kilimo na wa afya wanaoiandika aya hiyo, nawajua wawili watatu. Na wote watakuambia kwamba mhariri anapopungukiwa na nafasi kwa sababu limekuja tangazo, hiyo ndiyo aya ya kwanza kukatwa.